Tabaka Gumu Chini ya Jembe

Msafiri aendaye Tunduma kwa barabara kuu itokayo Mbeya hupita Mlowo na Vwawa akiwa katikati ya mashamba ya mahindi na mibuni. Akipita mwezi wa Januari au Februari, mvua ikiwa imekatika kwa muda wa juma moja tu, huweza kuona jambo la kushangaza. Mashamba mawili yaliyopakana, yaliyopandwa wakati mmoja na kunyeshewa mvua ileile, hayafanani. Katika shamba la kwanza mahindi yamesimama wima na majani yake yamekunjuka. Katika shamba la pili majani yamejiviringa tangu saa nne za asubuhi, na rangi yake imeanza kufifia.

Mwenye shamba la pili huwa na maelezo kadhaa. Husema kwamba mvua za mwaka huu ni haba, au kwamba mbegu aliyouziwa si nzuri, au kwamba mbolea haikutosha. Mwaka unaofuata hununua mbolea zaidi, pengine kwa fedha za kukopa, lakini mavuno hayaongezeki kama alivyotarajia. Maelezo hayo yote yanaweza kuwa ya kweli. Hata hivyo, lipo jingine ambalo halionekani kwa macho ya mtu asimamaye juu ya shamba. Huenda chini ya udongo uliolimwa, katika kina kisichozidi shubiri moja, kuna tabaka gumu lililoshindiliwa, ambalo mizizi haiwezi kulipenya na maji hupita kwa shida. Tena tabaka hilo si la asili. Limetengenezwa na mkulima mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa zana zilezile anazozitumia kulainisha udongo.

Katika makala haya tutaeleza tabaka hilo hutokeaje, linadhuru namna gani, mwanafunzi awezaje kulitambua, na lavunjwaje. Tutaona pia kwamba kulivunja si mwisho wa kazi.

Nusu ya udongo ni nafasi tupu

Udongo mzuri wa shambani si kitu kigumu kitupu. Tukichukua bonge la udongo tifutifu ambao haujakanyagwa, karibu nusu ya ujazo wake ni chembe za madini pamoja na mboji kidogo. Nusu ya pili ni vitundu. Vitundu vikubwa hupitisha maji ya mvua kwenda chini na kuingiza hewa, kwa kuwa mizizi nayo hupumua. Vitundu vidogo hushika maji ili mmea uyanywe polepole siku zisizo na mvua.

Hali hiyo hupimwa kwa densiti ya udongo, yaani uzito wa udongo mkavu katika kila sentimeta moja ya ujazo, vitundu vikiwa vimehesabiwa ndani yake. Chembe za madini zenyewe zina densiti ya karibu gramu 2.65 kwa sentimeta ya ujazo. Kwa hiyo udongo wenye densiti ya gramu 1.2 una vitundu vya asilimia 55 hivi ya ujazo wake. Ukishindiliwa hata densiti yake ikafika gramu 1.6, vitundu hupungua kuwa asilimia 40. Upungufu huo waweza kuonekana mdogo, lakini vitundu vinavyopotea kwanza ni vile vikubwa, ambavyo ndivyo njia za maji, hewa na mizizi. Katika udongo wenye mfinyanzi mwingi mizizi ya mimea mingi huanza kutaabika densiti ikiwa kati ya gramu 1.4 na 1.6. Udongo wa kichanga huweza kufika karibu gramu 1.8 kabla ya shida hiyo kuwa kubwa.

Jinsi tabaka linavyotokea

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa mkoa wa Mbeya. Mbozi, iliyo sehemu ya mkoa huo, ni nchi ya maksai tangu siku nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwapo mradi wa kueneza kazi za maksai katika mkoa wa Mbeya wa wakati huo, uliosaidiwa na Kanada. Hadi leo plau ya kukokotwa na ng'ombe ni zana muhimu katika mashamba mengi ya huko. Hivyo yafaa tuitazame plau hiyo inavyofanya kazi.

Plau hukata udongo kwa kina cha sentimeta 10 hadi 15, hunyanyua kipande hicho na kukigeuza. Lakini chini ya plau kuna chuma kinachoburuzwa juu ya udongo usiokatwa. Chuma hicho hukandamiza na kusugua, kama mwiko wa mwashi unavyosawazisha sakafu ya saruji. Pamoja na hayo, ng'ombe mmoja kati ya wale wawili hutembea ndani ya mfuo, yaani mfereji ulioachwa na plau katika mzunguko uliotangulia. Kwato zake hazikanyagi udongo wa juu, bali hukanyaga moja kwa moja udongo wa chini.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue maksai mwenye uzito wa kilo 300, na tuseme kila kwato hukanyaga eneo la sentimeta 60 za mraba. Uzito wa kilo 300 ni nguvu ya niutoni 3,000 hivi. Akisimama kwa miguu yote minne, eneo lote ni sentimeta 240 za mraba, na kanieneo, yaani nguvu igawanywayo kwa eneo, ni kilopaskali 125. Atembeapo, kuna wakati miguu miwili tu ndiyo iliyo chini, na kanieneo hiyo huongezeka maradufu. Trekta nalo, ingawa ni zito mno, lina matairi mapana, hivyo kanieneo yake juu ya udongo yaweza isizidi ile ya kwato. Tofauti iko katika kina: kanieneo huamua udongo wa juu utashindiliwa kwa ukali gani, lakini uzito wote wa chombo huamua athari itafika chini kiasi gani. Ndiyo maana trekta zito huweza kushindilia udongo kwa kina kisichofikiwa na maksai.

Mkulima wa jembe la mkono asidhani kwamba yeye amesalimika. Jembe linalochimba kina kilekile cha sentimeta 8 au 10 kila msimu nalo huacha tabaka lake, jembamba zaidi na karibu zaidi na uso wa ardhi.

Jambo linaloongeza madhara kupita yote ni maji. Udongo mkavu ni mgumu na hukataa kushindiliwa. Udongo uliolowa, maji huwa kama mafuta kati ya chembe zake. Zikikandamizwa huteleza na kupangana karibukaribu. Songwe hupata mvua za msimu mmoja, zianzazo mwezi wa Novemba hivi na kuishia Aprili au Mei. Mvua za kwanza zikinyesha, kila mtu ana haraka. Mwenye maksai wake hulima mapema. Asiye nao husubiri zamu ya kukodi, na zamu yake ikifika, mara nyingi shamba limekwisha kulowa kupita kiasi. Hivyo yule mwenye uwezo mdogo ndiye alimaye udongo ukiwa katika hali mbaya zaidi ya kushindiliwa.

Mzizi na maji mbele ya tabaka

Mzizi una nguvu kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Pfeffer, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo aliifungia mizizi ndani ya plasta na kupima nguvu yake ya kusukuma. Vipimo vya tangu wakati huo vimeonyesha kwamba ncha ya mzizi huweza kusukuma kwa kanieneo ya karibu megapaskali 1, sawa na mara kumi ya kanieneo ya angahewa. Wataalamu wanapochoma udongo kwa fimbo ya chuma yenye ncha na kupima ukinzani wake, huona kwamba ukuaji wa mizizi hupungua sana ukinzani huo ukizidi megapaskali 2. Hesabu hizo mbili hazipingani. Fimbo ya chuma husuguana na udongo na haiwezi kupinda, bali mzizi una utelezi katika ncha yake na hutafuta ufa wa kupitia. Ukikosa ufa, hupinda na kutambaa juu ya tabaka kama maji yatafutayo mlango.

Sasa tuone matokeo yake kwa mmea. Udongo tifutifu huweza kuweka akiba ya maji yanayofaa kwa mmea ya karibu milimita 1.5 katika kila sentimeta moja ya kina. Mahindi yanayochanua hutumia kama milimita 5 kwa siku. Ikiwa mizizi imezuiwa katika kina cha sentimeta 15, akiba yake yote ni milimita 22.5, ambayo hutosha siku nne na nusu. Ikiwa mizizi imefika sentimeta 60, akiba ni milimita 90, nayo hutosha siku 18. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mashamba mawili tuliyoyaona barabarani. Mvua ilinyesha sawa kwa wote wawili. Ghala za maji ndizo zilizotofautiana.

Mvua kubwa nayo huleta hasara ya namna ya pili. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000 za maji. Udongo wa juu ukishajaa, na tabaka likawa linapitisha maji polepole, maji yanayozidi hutuama na kuifukuza hewa mizizini, au hutiririka mtelemkoni yakichukua udongo na mbolea. Kwa sababu hiyo shamba lenye tabaka gumu huweza kuonyesha dalili mbili zinazoonekana kupingana: hulowa kupita kiasi siku ya mvua, na hukauka upesi baada ya siku chache. Naitrojeni iliyokwisha kuzama chini ya tabaka haifikiwi na mizizi. Mkulima akiongeza mbolea juu ya shamba la namna hiyo, analipia chakula ambacho mmea hauwezi kukifikia chote.

Chimba kwanza

Kabla ya kufikiria dawa, lazima ugonjwa uthibitishwe. Kazi hii haihitaji maabara. Yahitaji koleo, kisu, rula na subira.

Chagua siku ya pili au ya tatu baada ya mvua nzuri, mahindi yakiwa yamefika kimo cha goti au zaidi. Udongo ukiwa umekauka kabisa, kila tabaka litaonekana gumu, na utadanganyika. Chimba shimo la kina cha sentimeta 50 kandokando ya mmea, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina. Sawazisha ukuta mmoja wa shimo. Kisha choma kisu ukutani kila baada ya sentimeta 5, ukianzia juu, kwa nguvu ileile ya mkono. Palipo na tabaka, kisu kitakataa, halafu chini yake kitaingia tena kwa urahisi. Hilo la mwisho ni muhimu, kwani tabaka la plau lina mwanzo na mwisho. Andika vyote viwili.

Baadaye itazame mizizi. Ikiwa imeshuka vizuri kisha yote ikapinda na kutambaa katika kina kimoja, ushahidi umekamilika. Linganisha na shimo la pili lililochimbwa mahali pasipolimwa, kama vile ukingoni mwa shamba. Ikiwa huko kisu kinaingia bila kizuizi katika kina hichohicho, basi tabaka limeletwa na kilimo.

Shule yenye mizani inaweza kupima densiti pia. Chukua kopo imara lililokatwa pande zote mbili, ambalo ujazo wake umeupima. Lizamishe taratibu katika udongo wa kina unachotaka, litoe likiwa limejaa, sawazisha ncha zake, kisha kausha udongo huo katika joto la nyuzi 105 za Sentigredi kwa muda wa saa 24, na kuupima. Kwa mfano, kopo la sentimeta 400 za ujazo likitoa udongo mkavu wa gramu 480 kutoka juu na gramu 620 kutoka katika tabaka, densiti zake ni gramu 1.20 na 1.55. Wanafunzi wakokotoe wenyewe asilimia ya vitundu katika kila tabaka.

Si kila ugumu ni tabaka la plau. Yako mambo manne yanayofanana nalo.

La kwanza ni udongo ambao kwa asili yake hukauka ukawa kama tofali. Mfano mashuhuri katika nchi yetu ni Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mpango mkubwa wa kulima karanga kwa mitambo. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi na mchanga mkali, ulikula ncha za majembe ya matrekta, na mvua zilipokwisha ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba kung'oa karanga kulikuwa taabu. Mpango huo ulitangazwa kuvunjwa Januari 1951, baada ya kugharimu karibu pauni milioni 36. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua haba ikiwa mojawapo, lakini kutoujua udongo kabla ya kuanza kulikuwa na sehemu yake. Udongo wa namna hiyo ukitinduliwa, mvua huweza kuugandisha tena katika msimu uleule.

La pili ni tabaka la changarawe za chuma zilizogandamana, ambalo ni jiwe kwa kweli. Kulipeleka jembe la maksai huko ni kuvunja jembe. La tatu ni tindikali. Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi, udongo wa chini huweza kuwa na tindikali kiasi cha kuachilia aluminiamu inayodhuru mizizi. Hapo mizizi huwa mifupi, minene na yenye vifundo, lakini kisu huingia bila shida. Dawa yake ni chokaa, wala si jembe. La nne ni udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa mabonde yaelekeayo Ziwa Rukwa. Huo hutanuka ukilowa na kupasuka nyufa pana ukikauka, hivyo hujilegeza wenyewe kila mwaka.

Kutindua

Kuvunja tabaka bila kuligeuza huitwa kutindua. Zana yake haina bamba la kugeuzia udongo. Ina jino jembamba la chuma linalopita chini ya tabaka, kulinyanyua kidogo na kulipasua. Udongo wa juu hubaki juu, na wa chini hubaki chini.

Wakulima wa Tunduma wako karibu na nchi iliyofanya kazi kubwa katika jambo hili. Upande wa pili wa mpaka, katika kituo cha Magoye, kusini mwa Zambia, lilibuniwa jembe la kupasulia mistari ambalo hufungwa kwenye boriti ya plau ya kawaida mahali pa mwili wa plau. Kituo cha Palabana, karibu na Lusaka, nacho kilitoa jembe la maksai la kutindua kwa kina zaidi. Hapa kwetu, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, kimekuwa miongoni mwa vituo vilivyofanya majaribio ya kilimo hifadhi pamoja na wakulima. Kwa kuwa mkulima aliye na plau tayari ana boriti, nira na mnyororo, hulazimika kununua jino tu.

Kanuni za kutindua ni chache, lakini kila moja ina sababu yake.

Kina. Jino lipite sentimeta 3 hadi 5 chini ya mwisho wa tabaka. Likipita ndani ya tabaka, hulikwaruza tu. Likipita chini mno, nguvu hupotea. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Uingereza, Spoor na Godwin, walionyesha kwamba jino lina kina chake cha mwisho cha kufanya kazi, kinachotegemea upana wa jino na hali ya udongo. Chini ya kina hicho jino halinyanyui udongo tena, bali huusukuma pembeni na kuushindilia upya. Kwa hiyo kwenda chini zaidi si kufanya kazi bora zaidi.

Unyevu. Finyanga udongo wa kina cha tabaka kati ya viganja vyako. Ukivutika kuwa uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika, umelowa mno: jino litakata mfereji laini, na hakuna kitakachopasuka. Ukimeguka, unafaa. Lakini udongo wa mfinyanzi uliokauka kabisa mwezi wa Oktoba huweza kuwashinda maksai, ambao wakati huo wamekonda kwa kukosa malisho. Wakati unaofaa zaidi kwa mkulima wa Songwe ni mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa unameguka na ng'ombe wakiwa bado na nguvu.

Nafasi. Ili kuvunja tabaka la shamba zima, mistari ya jino la kawaida hutakiwa kuachana kwa umbali ulio sawa na kina, au mara moja na nusu ya kina. Kwa kina cha sentimeta 24, hiyo ni sentimeta 24 hadi 36. Hiyo ni kazi ya trekta. Mwenye maksai ana njia nyingine: kutindua mistari ya kupandia tu, kila baada ya sentimeta 90, na kupanda mbegu juu ya mistari hiyo.

Hesabu inaonyesha faida ya njia hiyo. Kutindua hekta moja kwa mistari ya sentimeta 90 ni mwendo wa kilomita 11. Kuilima hekta hiyohiyo kwa plau ikatayo upana wa sentimeta 20 ni mwendo wa kilomita 50. Maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja huweza kuvuta kwa muda mrefu nguvu iliyo karibu na sehemu ya kumi ya uzito wao, yaani niutoni 600 hivi. Tabaka likiwashinda mara ya kwanza, mstari upitiwe mara mbili, mara ya pili kwa kina zaidi. Hata hivyo mwendo wote ni kilomita 22 tu.

Asiye na maksai huweza kuchimba mashimo ya kupandia kwa jembe zito lenye uso mwembamba. Zambia hutumia mashimo ya urefu wa sentimeta 30, upana wa 15 na kina cha 20, yenye nafasi ya sentimeta 90 kwa 70. Hayo ni mashimo yapatayo 15,870 kwa hekta. Ni kazi ngumu mwaka wa kwanza, lakini hufanywa wakati wa kiangazi, mikono ikiwa na nafasi, na mashimo yaleyale hutumika tena msimu unaofuata.

Tabaka hurudi

Hapa ndipo wengi hukosea. Udongo uliotinduliwa karibuni ni dhaifu kuliko ulivyokuwa, kwani vipande vyake bado havijashikamana. Ukikanyagwa ukiwa umelowa, hushindiliwa kwa urahisi zaidi na kwa kina kikubwa zaidi. Katika miaka ya 1990, programu ya ardhi iliyosaidiwa na Sweden katika wilaya ya Babati, ambayo wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Arusha, ilihimiza kutindua kwa trekta. Trekta huweza kulipasua tabaka kwa siku moja, lakini mkulima akirudia plau ileile, kwa kina kilekile, katika udongo uliolowa, huweza kulijenga upya ndani ya misimu michache. Fedha ya trekta huwa imeliwa na shamba.

Kwa hiyo kutindua lazima kufuatwe na mabadiliko. Mistari ibaki mahali pamoja kila mwaka, ili ng'ombe na watu wapite katikati yake na wasikanyage mahali pa mizizi. Plau isiingie katika udongo unaovutika kuwa uzi. Na mizizi yenyewe ipewe kazi ya kuifungua ardhi. Mbaazi ikipandwa pamoja na mahindi hushusha mzizi mkuu kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko mahindi, tena huendelea kukua baada ya mahindi kuvunwa. Mzizi huo ukifa na kuoza, huacha tundu ambalo mzizi wa mahindi wa mwaka unaofuata hupita bila kusukuma. Nyungunyungu nao huchimba njia zao, maadamu wana majani ya kula.

Suala la majani si jepesi. Wataalamu wa kilimo hifadhi huhesabu kwamba shamba limefunikwa iwapo angalau asilimia 30 ya uso wake ina masalia ya mimea. Lakini mabua hayohayo ni chakula cha maksai wakati wa kiangazi, na katika vijiji vingi ng'ombe huachiwa mashamba yote baada ya mavuno. Mkulima mmoja hawezi kuyalinda mabua yake ikiwa jirani zake hawajakubaliana naye. Hilo ni jambo la mkutano wa kijiji, si la mtaalamu wa udongo peke yake.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa maarifa haya. Wafipa wa nyanda za Ufipa na Wamambwe wa mpakani mwa Tanzania na Zambia tangu zamani hulima kwa vilima vya udongo vinavyofunika majani. Majani huoza ndani, kisha kilima husambazwa na kupandwa. Hawakuwa na neno densiti, lakini waliurudishia udongo mboji inayoufanya ushikamane bila kugandamana.

Kazi ya shule

Tunapendekeza kwamba kila shule yenye shamba ichimbe mashimo matatu msimu huu: moja katikati ya shamba, moja penye njia ya kupita watu, na moja mahali pasipolimwa. Wanafunzi wachore ukuta wa kila shimo, waonyeshe tabaka linapoanza na linapoishia, na wapime mizizi imefika kina gani. Kisha mistari mitano itinduliwe baada ya mavuno, na mitano iachwe ilivyo, mbegu na mbolea zikiwa sawa. Mwaka unaofuata wahesabu ni siku ngapi baada ya mvua majani ya kila upande yalianza kujiviringa, na wapime mavuno.

Ikiwa hakuna tabaka, hilo pia ni jibu, na lina thamani, kwani litamwokoa mtu asilipie trekta bure. Ikiwa lipo, mwanafunzi atakayemchukua mzazi wake hadi ukingoni mwa shimo na kumwonyesha mizizi ilipopinda, atakuwa amemweleza jambo ambalo mfuko mmoja zaidi wa mbolea usingeweza kumweleza.